Mwanao Asiye na Mafua

Mwisenge, Musoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo hapo Manyamanyama? Goti la mama linaendeleaje, na pamba imeota vizuri? Mimi mzima kabisa. Nimeamua kuandika maana kila nikikupigia simu unaniulizaga nani ameniliza, wakati hata sijalia.

Baba, Stellah amenifikishia ujumbe wako. Eti Jumamosi wakwe wakileta ng'ombe kutoka Butiama, wazee wakiniuliza kama tuzile, mimi nijifunike kanga nitulie, mdogo wangu ndiye aitikie "kuleni" badala yangu, kwa sababu naongelea puani na wageni watacheka. Lo! Kwani anaolewa nani hapo, mimi au Stellah?

Watu nimewazoea. Wateja wapya wa dagaa wananipa pole ya mafua. Mama mmoja alisema nabana pua, najifanya mtoto wa kishua, na hapo nimebeba ndoo ya dagaa kichwani! Shuleni niliitwa king'ong'o. Sauti ni hii hii, kila mtu anasikia la kwake. Mimi nimechoka kuyabembeleza masikio ya watu.

Sasa nikwambie jambo, na usinune. Wakwe walipokuja kujitambulisha, shangazi Selestina aliwaambia nina mafua makali. Mama yake mchumba wangu Faustine akawa ananitumia tangawizi kila mara. Nilikuwa nainywa huku roho inaniuma. Juzi nikapanda gari nikaenda Butiama peke yangu, najua mchumba hafanyagi hivyo. Nikamwambia huyo mama sina mafua, nimezaliwa hivi, na kama wameona kasoro, ng'ombe zao zibaki zizini.

Nikaanza kutafuta viatu vyangu. Ndipo akasema alishajua zamani, kwani mafua gani ya miezi yote hiyo? Ila alikuwa akijiuliza kwetu wanamficha nini kingine. Baba, hilo liliniuma kuliko king'ong'o.

Kwa hiyo Jumamosi uliza kwa nguvu. Stellah agawe soda. Nitajibu mwenyewe, nimesimama katikati ya uwanja, kanga iko kiunoni. Anayetaka kucheka acheke, lakini bila neno langu hakuna ng'ombe itakayofungwa kwako.

Msalimie sana mama, nampenda. Nawe nakupenda, hata ukikasirika.

Ni mimi mwanao, asiye na mafua,
Wankyo