Tikisa Kikombe, Salma, Uzime Video

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Hapa Mpendae sote wazima, ila bibi yako anagombana na paka. Unaniuliza kwa nini nakushikilia uzime video zinazojicheza zenyewe.

Ujanani, nikienda bandarini kumuaga mama, mzee mmoja wa Kiarabu pale Mlandege alinikaribisha kahawa. Kila nikimaliza, ananijazia. Nikaona haya kukataa, nikanywa, meli ikaondoka.

“Mbona hukutikisa kikombe?” akashangaa. “Kwetu aliyetosheka hukitikisa!”

Yule mzee angeacha kwa ishara ndogo tu. Simu yako itamimina mpaka mtihani wa Jumatatu ukupite, na walioitengeneza wanajua! Ingia kwenye mipangilio, uzime sasa hivi.

Mama sikuwahi kumuaga, Salma. Hakurudi.

Babu yako