Prizi ya Redio ya Baba

Liège, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili na kichwa kikiwa chini. Magoti yako yanaendeleaje? Na ile mvua ya kwetu Hewa Bora, imeacha kukuingilia jikoni au bado unaweka mabeseni? Jirani yetu Mama Régine aliniambia kwamba bukari sahanini unaigusa tu kisha unaisukuma pembeni. Tafadhali usifanye hivyo. Mimi mwili ni mzima, sina homa wala kikohozi. Moyo ndio siwezi kukuambia kwamba ni mzima, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Lakini wewe, Mama, ukipokea sauti kwenye simu unaifungulia nyumba nzima isikie, na haya nataka uyapokee kwanza peke yako, umevaa miwani, mlango umeufunga. Tena karatasi ina mwandiko wangu. Hakuna atakayesema kwamba mtu alinitilia maneno mdomoni. Anayekuletea ni mama mmoja wa parokia yetu ya hapa, anakuja kumwona mzazi wake Likasi, na ameahidi kupita kwako.

Huku baridi haijatuachia. Bado niko kwenye ghala lile lile, nafunga masanduku tangu asubuhi mpaka vidole vinakataa kukunjika. Kadi yangu ya ukaazi bado iko ofisi ya uhamiaji, na bila hiyo kadi nikitoka sirudi. Ndiyo maana sikuja kumzika Baba. Wiki ile nilinyoa kichwa mwenyewe, kwenye sinki. Kazini msimamizi akaniuliza kama nina chawa. Nilikaa matanga siku tatu chumbani, mimi na kiti kimoja, nikaweka nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, na bado jirani akagonga ukuta ninyamaze. Hakuna aliyeniletea hata sukari. Matanga ya mtu mmoja, Mama, sitamani yampate hata mtu anayenichukia.

Sasa nianze pale mambo yalipoanzia, maana barua hii nataka baadaye isomwe na watu wengine pia, nao waelewe.

Unakumbuka mwaka jana, nilipokuja na kadi yangu ikiwa bado nzima, nilileta prizi tatu za umeme za ukutani nimezifunga ndani ya soksi. Prizi za kuamrishwa kwa simu. Nilizifungua zile za zamani ambazo Baba alizifunga kwa mkono wake, kwa waya alizopewa relini, na yeye akasimama nyuma yangu na tochi, ananikosoa kila skrubu. Moja tukaweka ya birika, moja ya frigo, moja ya redio yake pale karibu na kiti. Juu ya kabati tukaweka kile kiboksi cha interneti. Mtu akiwasha kitu nyumbani, mimi huku naona kijitaa cha kijani kwenye simu, na nikitaka nakizima nikiwa huku huku. Wewe uliuliza tu kama vitakula umeme. Baba alicheka mpaka tochi ikatikisika.

"Kumbe mi nilizala contrôleur," akasema. "Sasa hata chai yangu iko na mukubwa wake."

Halafu akaacha kucheka. Wanaomjua wanajua kwamba alifanya kazi ya signali relini mpaka nywele zikawa nyeupe, na mambo ya taa hakuyafanyia mchezo. Akaniuliza ile taa yangu ya kijani ikizimika nitafanya nini. Nikamjibu kwamba ikizimika ni umeme umekatika, kama kawaida yetu. Akaweka tochi mezani.

"Ku reli hatusemake vile. Kama signal imezima, train inasimama. Muntu anashuka na miguu, anaenda kuona."

Nilimtania. Nilimwambia redio si treni, na sebule yetu haina stesheni. Akaenda kunitafutia bisibisi.

Nilipokwisha kurudi huku, zile prizi zikawa furaha yangu. Saa kumi na moja na robo alfajiri yenu, birika. Baadaye kidogo, redio kwa sala ya asubuhi. Mimi niko ndani ya basi, kioo kimejaa mvuke, nami najua kwamba kwetu watu wameamka. Baba naye akagundua ujanja wake: akitaka nimpigie, anabonyeza kitufe cha prizi, anazima na kuwasha redio mara tatu. Wengine wanabipu kwa simu ili wasimalize vocha, Baba alinibipu kwa ukuta. Nikimpigia anajifanya kushangaa, eti nimejuaje kwamba alikuwa ananiwaza. Kwenye simu nililibadilisha jina la ile prizi. Haikuitwa tena Redio, niliandika Baba.

Kisha Mama Mukubwa, dada yako, akafariki kule Kasenga, ikabidi uende. Hukutaka kumwacha Baba na presha yake ile. Ulipatana na Mama Régine, jirani, awe anabisha dirishani kila asubuhi, kama tunavyofanyiana kwenye avenue yetu mtu akibaki peke yake. Anabisha, anauliza mmelalaje, anangoja ajibiwe, anakwenda zake. Kazi ya dakika moja. Mimi nikakuambia kwenye simu usimsumbue Mama Régine, Baba ninamwona mwenyewe kila dakika. Ulisitasita, nami nikakucheka.

Kuna jambo hulijui, Mama. Baada ya kuongea na wewe nilimpigia Mama Régine mwenyewe. Nilimwambia asijichoshe, kuna mashine. Nilimwambia kwa ile sauti ya mtu aliyeko Ulaya. Akasema: "Basi, kama weye unamuonaka toka kule, ni muzuri." Tangu siku hiyo hakubisha, kwa sababu mtoto wa nyumba ndiye aliyemkataza. Hajakuambia kwa kuona haya. Mwenye kuona haya hapaswi kuwa yeye.

Jumamosi ile, saa kumi na mbili na dakika saba jioni ya kwetu, taa zote tatu zilizimika kwa pamoja. Simu ikaandika kwamba prizi hazipatikani. Nikasema moyoni, delestaji, shirika limekata, ni zamu yetu. Umeme kwetu unaweza kwenda Jumamosi ukarudi Jumatatu, na nani Lubumbashi anainuka kwenye kiti kwa jambo kama hilo? Jumapili nikampigia Baba, simu yake haikuita. Nikasema, bila shaka, umeme hakuna, angeichajia wapi. Unaona jinsi nilivyojipanga? Hili lilinieleza lile, na lile likanieleza hili, nami nikakaa nimetulia.

Ghalani nafunga masanduku na Mromania mmoja, jina lake Mihai. Jumapili ile tulikuwa kazini. Wakati wa kula aliona simu yangu, akauliza kile ni nini, nikamweleza. Akaacha kutafuna. Akauliza kama ni nyumba ya baba yangu, kama ni tangu jana, kama na simu ya mzee haipatikani, na kwa nini basi sijampigia mtu yeyote aende kuangalia. Nilicheka, Mama. Nilimwambia ninyi wazungu mnaogopa giza kama watoto. Nilicheka mpaka meza ya pili wakageuka. Kicheko kile nakisikia kila nikifungua chakula changu.

Umeme ulikuwepo. Mama Régine ameniambia, bila kujua ananiambia nini, kwamba avenue nzima iliwaka siku zote mbili, na kwamba yeye Jumapili alipiga pasi nguo za misa. Jumamosi jioni kulikuwa na mvua ya radi. Baba alikwenda kushusha ile swichi kubwa ya pale mlangoni, kama mlivyozoea kila radi zinapoanza, ili vyombo visiungue. Aliishusha. Hakupata nafasi ya kuipandisha. Jumatatu asubuhi Mama Régine alipoona ni siku ya pili hajaja kuchota maji uani kwake, akabisha, hakujibiwa, akaita watu wavunje mlango. Baba alikuwa chini ya swichi yake, tochi mkononi, betri zimekwisha. Alikuwa bado anapumua. Yaliyobaki unayajua kuliko mimi: hospitali, kifo chake Jumanne, na wewe bado uko kwenye matope ya barabara ya Kasenga.

Daktari aliuliza ameanguka tangu lini, ili ajue la kufanya. Kila mtu alisema hajui. Mimi nilijua. Nilikuwa na saa na dakika mfukoni.

Na wakati Tantine Véro, dada yake Baba, aliponipigia mbele ya ukoo wote kuniuliza kama mashine zangu zilionyesha kitu, nilimjibu: "Sikuona kitu, tantine. Internet ilikuwa mubaya." Ni uongo. Niliusema kwa sauti iliyotulia, na juu ya uongo huo ndugu za Baba wamejenga maneno yote wanayokutupia. Kwamba ulimwacha mume bila mtu wa kumbishia. Kwamba ulikwenda kuwalilia wa kwenu ukamwacha wa kwao afe kwenye sementi. Sasa nasikia wanakataa kukuvua nguo nyeusi, na kwamba kwenye kikao cha kuondoa matanga watakuambia utoke ndani ya nyumba uliyoijenga na Baba. Mama Régine anasema huwajibu. Anasema umekubali, unasema tu, "Ni kweli, nilienda."

Si kweli, Mama. Ulimwachia mtu. Mimi ndiye niliyemwondoa mtu, nikaweka prizi.

Utaniuliza kwa nini nimekaa kimya miezi miwili nikikuangalia unabeba mzigo wangu. Niliogopa. Huku mimi si kitu, ni mikono ya kufunga masanduku. Kitu pekee nilicho nacho ni kwamba kuna nyumba Hewa Bora ambako mimi ni mtoto. Nilijiambia nikisema ukweli sitakuwa nacho hata hicho. Kwa hiyo nikakuacha wewe uwe karibu kuikosa nyumba hiyo, ili mimi niendelee kuiwaza nikiwa kitandani.

Nakuomba hivi. Ukimaliza kusoma, mpelekee katekista barua hii. Siku ya kikao aisome mbele ya wote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, asiruke mahali, hata pale nilipocheka. Ndani ya bahasha nimeweka picha ya ule ukurasa wa simu, saa ile imeandikwa. Kama kuna mtu wa kutolewa kwenye nyumba, wanitoe mimi. Mimi nimeshatoka tayari, haitawachosha. Wewe wakuvue nguo nyeusi, ule, ulale.

Nisalimie mdogo wangu Odile, mwambie asinichukie kabla ya kusoma mpaka chini, baadaye afanye anavyoona. Msalimie Mama Régine, jirani aliyekuwa tayari kubisha; mwambie namwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti, na kwamba kuanzia leo hata mimi nikifa nataka mtu kama yeye ndiye anigongee. Msalimie katekista, najua ninampa kazi nzito. Na Tantine Véro pia msalimie. Alimpenda kaka yake, alilia kweli, na mimi ndiye niliyempa mtu asiye na kosa wa kumlaumu.

Bado neno moja. Prizi ya birika naiona, Mama. Najua unaamka saa kumi na moja kama mlivyokuwa mnaamka wawili. Ya frigo nayo inawaka. Ya redio mliizima siku ya mazishi, na tangu siku hiyo kwenye simu yangu jina Baba limekaa bila taa. Ningeweza kuiwasha kutoka huku kwa kidole kimoja. Sijathubutu, na sitaigusa.

Sitakupigia kukuuliza umeamua nini, maana ukinisikia nalia utanihurumia, na huruma siyo ninayoomba. Baada ya kikao, kama bado mimi ni mtoto wako, asubuhi moja bonyeza kile kitufe, uwashe redio ya Baba. Mara moja inatosha. Kama huwezi, iache kama ilivyo. Nitakuwa ndani ya basi, nitaangalia. Na nikiona giza, Mama, safari hii sitasema ni umeme umekatika.

Mimi mwana wako,
Célestin