Kilima Kwenye Mstari wa Flaviana

Mpendwa Anti Editha, nisaidie mwenzio kabla sijapasuka, maana hili hata dada yangu siwezi kumwambia, mie ni mke wa mtu hapa Chang'ombe, mume wangu Mbwana anaunda spika za kumbi za harusi, na sasa kamchukua fundi mwenzie, Flaviana, msichana ana kompyuta na ana dimpozi, basi wanajifungia karakana eti vipimo vinataka kimya, nikikohoa tu nje naambiwa "Mke wangu, shhh!", na kinachosikika ni uuuu, spika inapewa mlio mmoja mmoja, kuanzia mzito mpaka mwembamba, kipaza sauti kinapokea, kompyuta inaweka nukta, nukta zinakuwa mstari, kisha wanautafutia fomula, wanasema ukiipata utajua spika itaujibu vipi mlio wowote, hata ambao hukuupima, mie nimeishi na Mbwana miaka yote hii na fomula yake sijaipata.

Basi nikatia simu kwenye kopo la biskuti, inarekodi, nikalificha nyuma ya kipaza sauti, na nilipoisikiliza mapenzi hakuna, ni uuuu tu, mlio ukafika mahali kopo lenyewe likaanza kuvuma, halafu Flaviana anasema, "Kaka Mbwana, hapa katikati ya mstari pana kilima, mie sikiamini, turudie," na Mbwana anajibu, "Acha tu, nikichelewa kula leo kule ndani kutawaka."

Wakakiingiza kilima kwenye fomula, kumbe ni mvumo wa kopo langu, wakatega mashine ikate sauti hapo, na ukumbini kopo halipo, Anti, kilichokatwa ni sauti ya mshereheshaji, akawa kama anaongea kaziba mdomo na mto, wenye harusi wakaja juu, Flaviana akasema kosa ni lake, na Jumamosi Mbwana anamwondoa kazini. Na mie nimefurahi, ila chakula hakishuki. Ninyamaze?

Mwenye Wivu, Chang'ombe

Mwenye Kopo,

Pole. Dimpozi za mtu zinauma, sikatai. Wivu kidogo kwenye ndoa ni chumvi, lakini wewe mwenzetu umeimwaga yote chunguni.

Hebu tuseme ukweli. Binti unayetaka aondoke ndiye pekee aliyekishuku kilima. Aliyekataa kurudia ni mumeo, na alikataa kwa kukuogopa wewe. Mwanaume anayetetemekea ubwabwa wako usipoe, nani anamuiba huyo?

Na wewe ulimpimaje? Umempa mlio mmoja tu, wa kununa, akajibu "shhh", papo hapo ukachora mstari mzima: ana mwanamke. Mpe na milio mingine, dada. Mtanie. Muulize kazi imeendaje. Usikie atakavyoitika.

Sasa nyanyuka. Usingoje Jumamosi. Chukua kopo, nenda nalo karakana wote wawili wakiwepo, liweke palepale, useme, "Pigeni ule mlio." Likivuma, hutahitaji hotuba. Omba radhi, na usianze na "samahani, lakini". Kisha litoe nje, wapime upya, wewe ukae humohumo kwenye kiti, mdomo umeufunga. Wenye harusi nao waambiwe kosa si la binti. Aseme Mbwana, wewe ukiwa pembeni yake.

Flaviana atakuuliza ulikuwa unatafuta nini ndani ya kopo. Mjibu ukweli: "Mume wangu." Atacheka. Siku utakayocheka naye, tonge litashuka.