Simba na Dawa ya Kupe

Jumapili, Agosti 1995

Mbwa wetu Simba amelala bila kulamba vidonda vya miguuni. Sijui kama ni mapema kufurahi.

Baba alisema mbwa mwenye vidonda hawezi kukaa karibu na ndama. Vikizidi, atampeleka mbali.

Lakini jana Baba akinyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, nilimfungia Simba jikoni ili asilale kwenye nyasi zilizolowa dawa, kama anavyofanya kila Jumamosi. Nashuku dawa hiyo ndiyo inamwasha. Kisha nikamwosha miguu kwa maji ya chumvi, nikaikausha.

Mama alicheka. "Chebet, huyo mbwa ataenda kanisani?"

Leo Baba aliinua mguu mmoja wa Simba, akautazama kwa muda.

"Jumamosi umfungie tena," akasema.

Hakutaja kumpeleka mbali, nami sikumuuliza.