Kompyuta na Mluzi wa Redio Zangu

Jumamosi, baada ya magharibi

Basi Zuhura wangu kafika na treni ya asubuhi kutoka chuo kikuu Dar, na kabla hata ya chai akanitandazia makaratasi mezani. Ule mchoro wa redio niliobuni mwenyewe, mimi wa darasa la sita, ameuingiza kwenye kompyuta ya chuo kwa kadi zilizotobolewa matundu, ndizo mashine inazosoma. Mashine nzima inahangaika na kazi ya fundi wa mtaa wa Cheyo. Nani mwingine Tabora hii?

"Baba, mchoro wako umewashangaza walimu," akasema. "Ila mashine inasema joto likizidi, redio itapiga mluzi."

Nikainamia makaratasi, nikajifanya nayasoma.

Miaka yote wateja walionunua redio zangu wakilalamikia mluzi wa mchana, nawaambia ni kosa la mitambo ya matangazo ya Dar. Nimefika Mombasa na Aden, nani atanibishia?

"Rizista moja tu, hiki kidude cha kupunguza umeme, ibadilishwe," akasema, akashika chuma cha kulehemu mwenyewe. Tukaiweka redio juani hadi saa tisa. Mluzi hakuna, taarabu inatoka safi kabisa.

Niliogopa atanidharau, lakini nikamwambia ukweli wote, jinsi nilivyokuwa nawasingizia Dar. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni nikaenda kwa jirani yetu, Bi Asha, nikamwomba redio yake niliyomuuzia nikairekebishe bure.

"Kumbe haikuwa Dar?" akauliza.

"Ilikuwa mimi, Bi Asha. Aliyegundua ni binti yangu."

Hilo la binti nililisema kwa sauti, mtaa mzima usikie.