Mama Mkwe Mbele ya Kamera

Jumatano jioni, mtaani kwetu Chuno. Upepo wa kusi umepuliza tangu asubuhi na nguo alizoanika Somoe zimejaa vumbi. Siku nyingine mke wangu angenuna. Leo kila akinitazama anacheka, maana ameshasikia yaliyonikuta.

Mimi sicheki. Nina furaha ya kutaka kulia, na nimekaa barazani kuandika kabla haijanipoa.

Wanaonisoma siku zote wanajua kazi yangu. Kwa wageni: napiga picha za ndani ya macho, na si macho mabovu. Mradi ulioletwa pale kliniki unataka macho mazima, ya watu wasio na sukari wala presha, ili tupime upana wa mishipa ya damu iliyo kwenye ukuta wa nyuma wa jicho. Daktari anasema huwezi kuutambua mshipa unaoumwa kama hujui mzima ulivyo. Sawa, lakini nani asiyeumwa anaenda hospitali? Vijana tumewapata. Akina mama wa makamo na wazee ndio hawaji, na wachache waliokuja msimu huu macho yalikuwa mekundu kwa salfa, ile dawa ya unga inayopuliziwa mikorosho. Tukawarudisha.

Wiki iliyopita nilimlalamikia Somoe jambo hili, nikala, nikalala. Sikujua kwamba angelifikisha mbali.

Leo nafungua mlango wa chumba cha picha nimwite anayefuata, na kwenye benchi ameketi mama yake Somoe.

Hapa lazima nieleze. Mimi ni mtoto wa Mikindani. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na nilipooa nilidhani napata mke na mama kwa pamoja. Kumbe kijijini kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali sahani moja, hawasemeshani ana kwa ana. Neno hupitia kwa mtu wa tatu. Wengi wameshaacha mambo hayo. Yeye hajaacha hata kidogo. Miaka yote ya ndoa yangu, nikimwamkia, anaitikia marahaba huku akitazama mkeka. Akija mjini analala Magomeni ya hukuhuku kwetu, kwa mdogo wake, si kwangu. Nikimpelekea zawadi, shukrani zinarudi kwa mdomo wa Somoe.

Somoe husema hiyo ni heshima. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa, lakini moyoni nilishaamua kwamba mama yule hanipendi.

Basi, nimeandika. Sijawahi kumwambia mtu.

Somoe alimfikisha, akakimbilia shuleni anakofundisha. Muuguzi alishamtia matone ya kupanua mboni na kwenda chumba cha pili kwa watoto. Anayejua kuitumia ile kamera ni mimi peke yangu. Mama akaingia ameinamisha kichwa, kanga imeteremshwa hadi kwenye nyusi, akapita akiwa ameelekea ukutani.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Mtu anaegesha kidevu, paji la uso linagusa mkanda, halafu anatazama mbele moja kwa moja, kwenye nukta ya kijani. Mimi niko upande wa pili, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua. Akitazama chini, picha inatoka kope tupu.

Na ilitoka kope tupu. Nikarudia, ikatoka kope tena. Kila nilipoinama kwenye mashine, macho yake yaliteremka yenyewe. Jasho likanitoka. Nikataka kumwachia aende zake, niseme tu kwamba picha zimekataa. Nikawaza anavyorudi kijijini na kusema mkwe wake amemkosea adabu, na hata lile marahaba la kwenye mkeka nalikosa.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuizima mashine aliposema, polepole, kwa sauti ambayo nimezoea kuisikia ikitoka chumba kingine nyumbani kwao:

"Wewe mashine, hebu muulize mkwe wangu, anataka nitazame wapi?"

Chumbani hapakuwa na mtu wa tatu, basi akaiteua mashine.

"Mashine," nikasema, "mwambie mama atazame taa ya kijani. Na mwambie hapa hakuna anayemtazama usoni. Mimi naangalia kompyuta tu."

"Mwambie nimesikia," akajibu, na jicho likainuka.

Picha ikaja. Uwanja wa rangi ya chungwa lililoiva, kile kiduara cha manjano mpauko ambapo mishipa yote inaingilia, na kutoka hapo mishipa imetawanyika juu na chini: inayoleta damu ni myembamba na inang'aa, inayoirudisha ni minene kidogo na imekolea. Hakuna doa hata moja. Nimeona macho mengi kwenye mradi huu, ila sijawahi kukawia mbele ya jicho namna ile. Macho ya mama mkwe wangu kwa nje sikuwa nayajua. Kwa ndani nilikuwa nayatazama yote.

Kope la kushoto lilikuwa limelegea, limefunika mishipa ya juu. Mashine ikatumwa tena. Akaliinua mwenyewe kwa ncha ya kanga, na mashine ikamshukuru. Tukazoea. Akaiuliza mashine kama mkwe wake amekula asubuhi. Mashine ikasema amekunywa chai na mihogo. Akaiambia mashine kwamba hicho si chakula cha mtu mwenye kazi.

Nilipokuwa najifunza kamera nilimpiga picha Somoe. Mishipa yake midogo inajipindapinda kidogo, kama kamba iliyolegezwa. Daktari alisema si ugonjwa, ameumbwa hivyo. Ya mama yake nayo inajipinda hivyohivyo. Labda ni urithi, labda ni mimi ninayependa kuona. Nikaiambia mashine imwambie. Akacheka hadi kidevu kikatoka mahali pake, ikabidi tuanze upya.

Kisha akasema lililonimaliza.

"Mwambie macho yangu hayana salfa. Somoe alisema mekundu hayatakiwi kazini kwa mkwe wangu. Shamba nimewaachia watu wapulizie. Mimi nipo Magomeni tangu Ijumaa iliyopita."

Mwenye mikorosho anajua uzito wa maneno hayo. Huu ndio wakati wenyewe wa kupulizia, na mama huyu hamwamini mtu yeyote na mikorosho yake. Ameiacha ili macho yake yawe meupe, kwa sababu mkwe wake amelalamika kwamba kazini hapati watu. Kidole kilikuwa kwenye kitufe cha kamera na sikuweza kukibonyeza. Machozi yalinitoka. Nilishukuru chumba kile kina giza.

Kupima upana wa mishipa niliahirisha hadi mchana, ni kazi ya kuweka alama ukingo hadi ukingo na inataka mkono uliotulia.

Nje jua lilikuwa kali. Mboni zikiwa zimepanuka mwanga unachoma, na vitu vya karibu vyote ni ukungu. Mbele yetu kulikuwa na ngazi, na Somoe hajatoka shuleni. Siwezi kumshika mkono mama mkwe wangu. Yeye akailegeza kanga, akanyoosha pembe moja hewani kuelekea nilikosimama. Nikaishika. Tukashuka hivyo, yeye ameshika upande wake na mimi wangu, hadi kivulini, ambapo jirani yetu alikuwa anamsubiri na bajaji ampeleke Magomeni.

Hapo akainua uso. Akanitazama sawasawa, kwa muda mrefu, na yale macho meusi tii, mboni bado zimepanuka. Hapakuwa na mashine.

"Leo nakutazama, baba," akasema. "Leo sikuoni."

Nguvu ya matone inaisha leo hii. Kesho nitapita Magomeni kumwamkia. Atatazama mkeka, na mimi nitatazama mkeka, na sitaona kinachopungua.