Kadi Niliyoinyakua Matangani

Mtani wangu Sefu,

Wote wanaisimulia vibaya. Hapa Temeke utaambiwa yule Mnyamwezi aliiba kanzu ya marehemu matangani. Huko Kinondoni kanzu imeshageuka mbuzi. Uongo mtupu! Nilichukua kadi. Kadi moja tu, ile ya ua jekundu uliyomkunjia mkeo Mwajuma. Wala sikuiba. Mie mtani, na nyie Wazaramo mnajua: msibani mtani ananyakua anachotaka, wenyewe wanakuja kukikomboa.

Mie nasema, binti yako Zuhura anaandika, maana shule niliipitia kwa nje. Ananiambia nisiringe. Nisiringe vipi? Nani alitoka Tabora kwa miguu, simba wanasimama pembeni kumpisha? Nani alikuwa anakata karatasi zilizonyooka kuliko reli? Lakini kukunja, ulikunja wewe. Makarani wa bara walikuja kutafuta kadi za Krismasi, watu wa hapa za Idi, wote wanataka lile ua linaloinuka ukifungua. Na wewe ukifika mkunjo wa mwisho unageukia ukuta, unanipa mgongo. "Mpagazi, tazama mizigo yako!" Nami nakujibu, "Ficha, ficha ufundi wako, utazikwa nao!"

Ukazikwa nao, Sefu. Ulimi wangu huu... basi.

Idi ikawa inakaribia, watu wameshaagiza, na Mwajuma na Zuhura hawana kingine cha kuwalisha ila kadi zile. Mie nakunja, ua halisimami. Linalala kama mlevi. Ndiyo maana nilinyakua ile kadi. Mwajuma akaja kuikomboa na mchele, na kuku juu. Nikakataa. Mtani anakataa ukombozi! Wazee walinitazama kama nimeingia msikitini na viatu. Ningemwambia nini yule mama? Kwamba nataka kuifumua kazi ya mkono wa mumewe, na nyingine haipo?

Nikaifumua. Polepole, kama anayemvua mtoto nguo amelala. Lakini gundi ya muhogo ilishakauka, karatasi ikachanika katikati. Nikakaa nayo mapajani. Mie wa simba, nikaogopa karatasi.

Halafu nikaona. Mikunjo yako yote imelalia upande ambao mkono wangu hauwezi kuilaza. Sefu! Ulikuwa unakunja kwa mkono wa kushoto! Miaka yote nadhani unaficha ufundi, kumbe unaficha mkono. Uliogopa watasema salamu za Idi zimekunjwa na mkono wa chooni, wasizinunue? Mie ningekutania mpaka kiyama, kweli. Lakini nje nisingesema. Ungeniambia, ndugu yangu. Ungeniambia tu.

Basi nikauamsha wangu wa kushoto, mvivu kama punda wa yule Mwarabu wa dukani. Ua la kwanza likatoka kama kabichi. Nikakunja, nikatupa, nikakunja, mpaka siku moja likasimama. Nikampelekea Mwajuma, na vipande vya kadi yako nimevifunga kwenye kitambaa. Akafungua yangu, ua likainuka, akacheka mpaka akashika mlango. "Mpagazi kaweza!" Akanipa kuku wangu.

Sasa nakunja mie, nimegeukia ukuta, nawapa watu mgongo. Wanasema nimerithi maringo yako. Waseme. Zuhura peke yake namkalisha mbele yangu auone mkono unavyokwenda, na vidole vyake vina akili kuliko vyako, usinune. Nakuahidi: ua litasimama kila Idi, na siri yako haivuki mlango wa nyumba yako. Haya, pumzika, Mzaramo wangu. Huko uliko nitunzie nafasi, ila usiniite haraka, bado nina watu wa kuwatania.

Zuhura ameinua kalamu. Ananitazama. Nini tena?

Haya, haya, andika. Mwajuma hakucheka. Hilo nimelitia mie. Kuku ni wa kweli, lakini kucheka hakucheka. Alikifungua kile kitambaa, akavishika vipande vyako, akabaki navyo. Kadi yangu akanirudishia mkononi.

"Hii kauze, shemeji," akasema.